Walinzi wa Mshipa

Msomaji wangu, yamkini umri wako haupitani sana na ule niliokuwa nao mimi siku nilipopokea barua ninayotaka kukueleza habari zake. Ilikuwa mwezi wa Septemba mwaka 1979. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nikisoma elimu ya viumbe na kemia katika kidato cha sita, mbali na nyumbani. Barua ilitoka kwa baba yangu, Matinyani, upande wa magharibi wa mji wa Kitui.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinieleza habari za mbuzi, na mawingu ambayo yalikuwa bado hayajajikusanya, na bei ya mahindi sokoni. Kisha, mwisho kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, akaandika kuwa kila apandapo kilima kutoka mtoni pamoja na punda wa maji, kifua humbana kana kwamba kimefungwa kamba. Maumivu hayo hushuka mkono wa kushoto, na akiketi juu ya jiwe kwa kitambo kidogo hutulia. Zahanati moja ilikuwa imempa vidonge vyeupe vya kiungulia. Akamaliza kwa kuniuliza: wewe unayesoma vitabu, waonaje?

Nilifungua kitabu. Naomba uamini kuwa sikupuuza swali la mzazi wangu. Nilitafuta maradhi ya kifua, nikakuta maelezo ya kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, nikaona dalili zote za baba zimeorodheshwa mstari kwa mstari kama zilizonakiliwa kutoka katika barua yake. Hofu ilinishika. Lakini chini ya dalili hizo palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba maradhi haya ni ya watu wa Ulaya na Marekani, na kwamba kwa Waafrika hayaonekani ila kwa nadra sana. Nikafunga kitabu kwa furaha. Nikamwandikia baba kuwa ni kiungulia, aendelee na vidonge, apunguze pilipili.

Baba alifariki mwezi wa Oktoba, siku chache kabla ya mvua za vuli, alipokuwa akichimba mtaro wa fanya juu katika shamba la juu. Walimkuta ameketi, jembe limelala magotini. Mama aliikuta barua yangu ndani ya mfuko wa koti lake.

Hakuna aliyemfungua kifua, kwa hiyo siwezi kukuapia kuwa najua kilichomuua. Miaka mingi baadaye daktari mmoja, nilipomsomea maneno ya barua ile, alinyamaza kidogo kisha akasema kuwa asingehitaji dalili nyingine.

Sasa, usidhani kwamba mwandishi wa kitabu kile alikuwa mwongo. Jambo hili limenisumbua zaidi kuliko uongo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kavirondo, magharibi ya Kenya, alitoa taarifa katika jarida la Lancet juu ya Waafrika wapatao elfu moja aliowapima shinikizo la damu. Aliona kuwa shinikizo lao halikupanda kwa uzee kama lilivyopanda kwa watu wa kwao, bali baada ya umri wa makamo lilishuka. Huko Uganda, katika hospitali ya Mulago, Daktari Hugh Trowell alitibu wagonjwa kwa miaka mingi pasipo kukutana na Mwafrika mwenye maradhi haya ya mishipa ya moyo, hata ikawa kwamba alipompata mmoja, yeye na mwenzake Singh walimwandikia makala nzima mwaka 1956. Mwaka 1960 wataalamu walilinganisha maiti 632 zilizochunguzwa Uganda na nyingine zilizochunguzwa katika mji wa St. Louis, Marekani, za watu wa umri mmoja na jinsia moja. Kule Marekani mioyo zaidi ya mia moja ilikuwa na makovu ya kuziba kwa mishipa. Uganda ulikuwa mmoja tu.

Basi kitabu kilisema kweli. Kilisema kweli ya watu wengi kwa pamoja, na ya wakati fulani. Baba yangu hakuwa watu wengi. Alikuwa mtu mmoja aliyekaa Mombasa miaka ishirini na miwili, karani wa ghala karibu na bandari, aliyevuta sigara tangu ujana wake, aliyekula mkate mweupe na siagi asubuhi na nyama ya kukaanga jioni, akaja kurudi kwenye muthokoi na kunde wakati nywele zilipokwisha kuwa mvi. Baadaye, katika miaka ya 1980, wataalamu waliwafuata vijana wa Kiluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, wakaona kuwa shinikizo la damu lilianza kupanda katika muda mfupi tu baada ya kufika mjini. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1990. Ingekuwa na faida kwangu miaka kumi na moja mapema.

Nilipomaliza masomo sikwenda kuwa daktari. Nilipata kazi katika maabara moja ya Nairobi iliyokuwa na darubini ya elektroni, na huko ndiko nilikozeeka. Ningependa kukueleza chombo hiki, kwa kuwa bila hicho nisingejua ninayotaka kukusimulia. Darubini mliyo nayo shuleni hutumia mwanga, na mwanga una kikomo: vitu vidogo kupita kiasi huponyoka katika mawimbi yake, kama dagaa katika wavu wa papa. Mjerumani Ernst Ruska na mwalimu wake Max Knoll walianza mwaka 1931 kutumia mkondo wa elektroni badala ya mwanga, na sumaku badala ya vioo. Kitu cha kutazamwa hulowekwa katika dawa iitwayo osmiamu, ambayo huyapa mafuta na tando rangi nyeusi, hugandishwa ndani ya gundi ngumu, kisha hukatwa kwa kisu cha almasi au cha kioo kilichovunjwa upya. Vipande ni vyembamba hata milimita moja hutoa vipande kama elfu kumi na tano. Vinaelea juu ya maji kwenye kijibirika kidogo nyuma ya kisu, vinang'aa rangi ya fedha au dhahabu, na mkataji hujizuia kupumua asije akavipeperusha. Nilijifunza kujizuia kupumua kwa miezi minane kabla sijapata kipande kilichofaa.

Siku moja tuliletewa kipande cha ateri kutoka katika mguu wa mgonjwa aliyepasuliwa. Kilikuwa kigumu, cha rangi ya manjano kama samli iliyoganda. Nilikikata mwenyewe, nikakitia ndani ya darubini, nikafunga mapazia. Katika giza, juu ya kioo kinachowaka rangi ya kijani, niliona kwa mara ya kwanza kile ambacho huenda kilimuua baba yangu. Na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakikuwa adui. Alikuwa ni mlinzi.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. La nje ni la nyuzi, la kati ni la misuli, na la ndani ni jembamba, nalo limetandikwa kwa safu moja tu ya seli bapa, laini, zinazogusana na damu. Mimi zamani niliyawaza maradhi haya kama kutu ndani ya bomba: mafuta hupita katika damu, hunata, bomba huziba. Wengi huwaza hivyo hata leo, na si kweli. Sisi watu wa Ukambani tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Ukitazama mto wetu wa mchanga wakati wa kiangazi, juu ni pakavu, ng'ombe hupita bila kulowa kwato. Lakini chimba kwa mikono, nawe utayakuta maji yamejificha chini ya mchanga. Ndivyo mafuta ya ateri yalivyo. Hayako juu ya ukuta. Yamezama ndani yake, chini ya ile safu ya seli bapa, na mtu anaweza kukaa nayo miaka thelathini asijue.

Huingiaje? Kolesteroli haiyeyuki katika damu, kwa hiyo husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo vya mafuta na protini. Vifurushi hivyo ni vidogo mno. Zaidi ya 40,000 vingejipanga katika milimita moja. Vinapokuwa vingi katika damu, vingine hupenya na kunaswa katika nyuzi za tabaka la ndani, na huko huharibika, kama maziwa yaliyosahauliwa juani. Sigara na shinikizo kubwa la damu huudhoofisha ukuta na kuyafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Seli bapa zikihisi kuwa kuna uozo chini yao, hupiga mbiu. Nazo chembe nyeupe za damu huitikia, hushika ukuta, hujipenyeza katikati ya seli bapa, na zikifika ndani hugeuka kuwa zile ziitwazo makrofaji, maana yake walaji wakubwa.

Mtu wa kwanza kuielewa kazi ya walaji hawa alikuwa Mrusi, Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichoma kiluwiluwi cha kiti cha pweza kwa mwiba wa waridi. Kiumbe hicho huonekana ndani kama kioo. Asubuhi yake alikuta seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba kama watu wanaozunguka nyoka uani. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Mrusi mwingine, Nikolai Anitschkow, mwaka 1913 aliwalisha sungura kolesteroli iliyochanganywa na mafuta ya alizeti, akaona mishipa yao ikijaa seli zilizofura mafuta. Watu wengi hawakumsikiliza kwa miaka mingi. Walisema sungura ni sungura.

Sasa tazama pamoja nami picha niliyopiga siku ile. Ninayo mpaka leo. Imekuzwa mara elfu kumi, na seli moja imeenea karibu ukurasa mzima wa daftari. Mlaji mwenye afya huwa na vidole vidole pembeni, anapapasa huku na huku, na ndani yake mna vifuko vyeusi viitwavyo lisosomu, ambavyo Mbelgiji Christian de Duve alivigundua mwaka 1955. Hivyo ndivyo tumbo la seli: kinachomezwa huingia humo kikasagwa. Lakini huyu wa picha yangu vidole vyake karibu vyote vimekwisha. Ndani amejaa matone ya mafuta, moja juu ya jingine, hata kiini chake kimesukumwa ukingoni na kubonyea. Wataalamu huziita seli za aina hii seli za povu, na ukizitazama utaona jina lilikotoka. Baadhi ya matone bado yamo ndani ya lisosomu, yamezungukwa na utando. Mengine yametoka na kuelea yenyewe. Pembeni pana nyufa nyeupe nyembamba, zenye ncha kama sindano ya kushonea gunia. Humo mlikuwa na fuwele za kolesteroli. Dawa zetu ziliziyeyusha, zikabaki nafasi zake.

Niliuliza swali ambalo nadhani nawe unaliuliza: kwa nini asiache kula?

Jibu lilitoka Dallas, Marekani, kwa Michael Brown na Joseph Goldstein. Waligundua kuwa seli za kawaida za mwili zina mlango wa kupokea vile vifurushi vya kolesteroli, na seli ikitosheka hupunguza milango yake. Ni ustaarabu mzuri. Lakini mlaji ana mlango mwingine, wa kupokea vifurushi vilivyoharibika, na mlango huo haufungwi kwa kushiba. Taarifa yao juu ya mlango huo ilichapishwa mwaka 1979, mwaka uleule niliomwandikia baba kuhusu pilipili. Wao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya kolesteroli.

Tena kuna jambo la pili. Sukari au mafuta ya kawaida yakiingia katika seli huunguzwa yakatoa nguvu. Kolesteroli haiunguzwi. Hakuna seli ya mwanadamu iwezayo kuivunja hata ikaisha. Kinachowezekana ni kuitoa nje, ichukuliwe na vifurushi vya aina nyingine mpaka kwenye ini, na ini litoe pamoja na nyongo. Mlaji asipopata wa kumpokea mzigo, hukaa nao. Umepata kumwona mbuzi aliyevunja ua akaingia katika kunde mbichi baada ya mvua? Hakuingia kwa nia ya kufa. Anakula kwa kuwa kula ndiyo kazi yake, kisha tumbo linafura, naye analala ubavu. Mlaji naye hufa hapohapo ukutani. Matone yake humwagika, wenziwe huja kumzika, yaani kumla, nao hushindwa. Katikati ya ukuta hufanyika shimo la uji wa mafuta na mizoga.

Seli za misuli hujitahidi kulifunika shimo hilo kwa gamba la nyuzi, na gamba likiwa nene mtu huweza kuishi nalo. Hatari iko kwa walaji walio hai pembezoni, maana hutoa vimeng'enya vinavyolainisha nyuzi za gamba. Siku moja gamba hupasuka. Damu ikikutana na uji ule hudhani pana jeraha, nayo huganda, kama ilivyozoea kufanya ili kutuokoa. Donge huziba njia. Haya huchukua dakika, ingawa maandalizi yamechukua miaka mingi.

Walaji si peke yao humo ndani. Mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn walieleza seli nyingine za ulinzi zenye matawi, ambazo kazi yake ni kuchukua kipande cha kitu kigeni na kukionyesha kwa chembe nyingine ziitwazo limfosaiti, kama mzee wa mtaa anayepeleka habari kwa chifu. Mwaka 1995 Bobryshev na Lord, huko Sydney, walizitambua kwa darubini ya elektroni seli za namna hiyo ndani ya ukuta wa ateri kubwa ya binadamu. Mimi niliposoma makala yao nilirudi kwenye picha zangu za zamani, nikazikuta seli mbili zenye mikono mirefu iliyojaa vijifuko na mirija midogo, ambazo kwa miaka mingi niliziandika kuwa walaji wembamba. Ukitazama kitu usichokijua jina, hukioni.

Huenda ukafikiri kuwa haya ni mambo ya wazee. Mwaka 1953 madaktari watatu wa jeshi la Marekani walitangaza matokeo ya kuchunguza mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikwisha kuwa na dalili za maradhi haya katika mishipa ya moyo. Na wala usifikiri kuwa ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1972 George Mann alieleza mioyo na mishipa mikuu ya Wamaasai 50, watu wa maziwa na nyama. Kuta zao zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kwa umri, njia ya damu ikabaki wazi. Naye Mann alidhani kuwa mwendo wao wa kutembea kutwa ndio uliowasaidia. Baba yangu hakutembea. Alikalia kiti cha karani.

Mwaka jana, jioni moja, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Matinyani. Ana duka la saruji na mabati. Akaniambia, "Kaka, kifua kinanibana ninapopanda kilima." Sikumwuliza la pili, wala sikufungua kitabu. Usiku uleule nilitafuta gari, na asubuhi alikuwa mikononi mwa madaktari. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebana sana. Walimpa aspirini na dawa ya kupunguza kolesteroli, ya jamii ile ambayo Mjapani Akira Endo aliipata kwanza katika kuvu miaka ya 1970, wakampangia matibabu ya kupanua mshipa. Sigara ameziacha. Anatembea kwenda dukani, akilalamika njia nzima.

Alipopata nafuu alikuja nyumbani kwa mama, nami nilikuwapo, akaniomba nimwonyeshe ile picha aliyoisikia tangu utotoni. Nilimwonyesha kiini, nikamwonyesha zile nyufa za sindano. Akaanza kuyahesabu matone kwa ncha ya kalamu. Alifika sitini na tatu, akachoka.

Mama, ambaye sasa umri wake unakaribia miaka tisini, alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiondo. Alinyosha mkono, akapewa picha. Akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki ndicho kilichomchukua baba yenu?"

Nilimwambia kuwa ni cha mtu mwingine.

Akanirudishia, akatafuta ncha ya uzi wake wa mkonge ilipokuwa imeanguka, akaendelea kusuka.